Fizi za mzee wako: kusafisha, kupasua, kung'oa au kusubiri seli shina?

Mama yuko Tukuyu, ana miaka sabini na kitu. Akipiga mswaki, povu linatoka na damu. Meno mawili ya mbele chini yanacheza, na mahindi ya kuchoma ameshaacha kuyagusa. Mtoto wa Dar ametuma video kwenye kundi la familia inayosema seli shina zinaotesha fizi upya. Wa Mbeya mjini anasema ang'olewe yote, awekewe ya bandia, yaishe. Mama mwenyewe anasema ni uzee tu.

Familia za namna hii ni nyingi huku Nyanda za Juu Kusini, na mara nyingi hakuna anayetaja njia ambayo ingepaswa kutajwa kwanza. Hapa chini ziko njia nne, kila moja ikipimwa kwa vigezo vilevile, ili anayeamua aamue akijua anachokichagua.

Kinachotokea chini ya fizi

Damu kwenye mswaki ni dalili ya fizi zilizovimba. Chanzo chake ni ukoga, ule utando laini unaonata kwenye meno, ambao ukikaa hugeuka ugaga mgumu. Hatua hiyo hupona kabisa kwa kusafisha. Ukiachwa miaka, uvimbe unashuka chini, fizi inaachana na jino, panatokea mfuko wa vijidudu, na mfupa unaolishika jino unaanza kuliwa. Mfupa ulioondoka haurudi wenyewe. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2022, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana hatua kali ya ugonjwa huu.

Kwa hiyo mama hayuko sahihi anaposema ni uzee tu. Kinachoongezeka na umri ni miaka ambayo ukoga umekaa, pamoja na mambo yanayoupa nguvu: kisukari kisichodhibitiwa, sigara na ugoro, kinywa kinachokauka kwa sababu ya dawa, vidole vilivyokakamaa visivyoweza tena kuuzungusha mswaki vizuri. Kuna jingine linalosahaulika sana: baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, zinaweza kuzivimbisha fizi zenyewe. Mzee asiache dawa yake kwa sababu hiyo. Abebe boksi la dawa aende nalo kwa daktari wa meno, na kama kuna haja ya kubadilisha, daktari anayemtibu presha ndiye atakayebadilisha.

Kwanza apimwe

Daktari anachukua kifaa chembamba chenye alama za milimita, anakitelezesha taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino, huku akitaja namba na msaidizi akiandika: mbili, tatu, tatu, tano, sita. Ukimsindikiza mzee, omba ukae chumbani na uzisikilize namba hizo. Moja hadi tatu bila damu, fizi ni nzima. Nne na tano, kuna mfuko, lakini kwa kawaida husafishika. Sita na kuendelea, kazi ni kubwa zaidi. Baada ya hapo hupigwa eksirei ili kuona mfupa umebaki kiasi gani na umeliwa kwa umbo gani.

Mkitoka bila namba na bila picha, bado hamna cha kuchagulia. Ombeni mpimwe, kwa heshima lakini bila aibu.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza mambo matano. Inafanya nini hasa kwenye ugonjwa? Ushahidi wake una uzito gani? Mwili wa mtu mzima wa miaka 65, 75 au 85 unaipokeaje? Inapatikana wapi ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, na inagharimu nini? Na inamfaa nani?

Njia ya kwanza: kusafisha kwa kina

*Inachofanya.* Hii si ile ya kung'arisha meno kwa dakika kumi. Mgonjwa anachomwa ganzi, ugaga unakwanguliwa juu na chini ya fizi hadi kwenye mizizi, mara nyingi kwa awamu mbili hadi nne. Inaondoa chanzo. Haioteshi mfupa uliopotea, ila inauzuia uliobaki usiendelee kuliwa, na meno yaliyoanza kulegea kidogo mara nyingi hukaza tena uvimbe ukiisha.

*Ushahidi.* Mkubwa kuliko wa njia nyingine zote hapa. Kwa wastani, mfuko wa milimita 4 hadi 6 hupungua kama milimita 1, na wa milimita 7 au zaidi hupungua kama 2. Unaweza kuona ni kidogo, lakini mfuko ukitoka tano kwenda nne na damu ikakoma, hilo jino limepata miaka. Kwa wenye kisukari kuna faida ya ziada: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kutibu fizi hushusha kidogo kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu.

*Kwa mwili wa mzee.* Hakuna umri wa juu unaoizuia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye tatizo la vali za moyo aseme mapema. Baada ya kusafishwa, fizi zilizovimba hushuka, meno yanaonekana marefu na maji baridi yanachoma. Mwezi wa sita na wa saba, pale Uyole, Makambako au Njombe, maji ya bombani asubuhi yatamliza mtu. Atumie maji ya vuguvugu na dawa ya meno ya wale ambao meno yao huchoma kwa baridi. Hali hiyo hupungua kwa wiki kadhaa. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wameharibiwa meno, kwa hiyo mwambieni mzee mapema.

*Upatikanaji na gharama.* Ulizeni kwanza kwenye idara ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya, kisha kwenye rufaa ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kliniki binafsi za mjini nazo zinafanya. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha kwenye vituo vya serikali, na ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini ndiyo ya kuulizia. Gharama inayosahaulika ni ya kurudi: kupimwa upya baada ya miezi miwili au mitatu, kisha kusafishwa kila miezi mitatu hadi minne mwanzoni. Kwa anayetoka Kyela au Makete, nauli hiyo iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

*Inamfaa.* Karibu kila mtu mwenye meno yanayookoleka. Haimfai asiyeweza kupiga mswaki wala hana wa kumsaidia, kwa sababu ukoga hurudi ndani ya siku chache.

Njia ya pili: upasuaji wa fizi

*Inachofanya.* Fizi inafunuliwa, daktari anaona mzizi kwa macho na kuusafisha mahali ambapo vifaa vya kawaida havikufika, kisha fizi inashonwa. Kwenye baadhi ya mashimo, anaweka unga wa mfupa au utando maalumu ili mfupa uote tena. Ndiyo, kuotesha mfupa bila seli za maabara kupo tayari, na madaktari wa fizi wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo kadhaa.

*Ushahidi.* Mzuri, lakini kwa umbo fulani la shimo. Mfupa ulioliwa kwa wima, ukaacha shimo jembamba lenye kuta, unajazika. Ulioshuka kwa usawa kinywa kizima haujaziki hivyo, na kwa bahati mbaya wazee wengi wako kundi hili la pili. Kwa mvutaji matokeo hushuka sana.

*Kwa mwili wa mzee.* Kidonda, mishono, siku kadhaa za uji na vyakula laini. Sukari na presha ziwe zimetulia kwanza.

*Upatikanaji na gharama.* Hapa ndipo ugumu ulipo. Mabingwa wa fizi nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, iliko Shule ya Meno ya Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na safari si moja. Vifaa vya kuoteshea mfupa huagizwa nje.

*Inamfaa.* Aliyekwisha safishwa vizuri, anayetunza kinywa, na bado ana mifuko michache ya milimita 6 au zaidi kwenye meno muhimu. Anayerukia upasuaji bila kupita njia ya kwanza amepoteza hela.

Njia ya tatu: kung'oa na kuweka meno bandia

*Inachofanya.* Jino likitoka, mfuko wake unatoweka nalo. Ni kweli, na kwa jino linalocheza pande zote, lenye usaha usiokoma, ndiyo tiba sahihi. Lakini mfupa wa taya nao unasinyaa baada ya jino kuondoka, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, ndiyo maana meno bandia yaliyokaa sawasawa mwanzoni hulegea baadaye.

*Ushahidi.* Kwa jino lililokwisha, hakuna ubishi. Kwa kung'oa yote ili "yaishe", hoja ni dhaifu. Mtu hahitaji meno yote 32. Japani imekuwa na kampeni tangu 1989 inayowataka watu wafike miaka 80 wakiwa na meno 20 ya kwao, kwa sababu idadi hiyo inatosha kutafuna karibu kila chakula. Hapa kwetu Tanzania pia zimefanyika tafiti zilizoona kwamba watu waliopoteza magego ya nyuma, lakini wakabakiwa na ya mbele na ya pembeni yake, walitafuna kwa kiwango cha kuridhisha. Kung'oa manne mabaya na kuyatunza kumi na nane yaliyobaki ni tofauti kabisa na kuyang'oa yote.

*Kwa mwili wa mzee.* Kung'oa kwa ganzi huvumilika. Kazi iko kwenye kuzoea meno bandia, hasa ya chini, ambayo huteleza. Nguvu ya kutafuna hupungua sana: makande magumu, karanga na nyama ya kuchoma vinakuwa shida, ingawa ugali, parachichi na ndizi za kupika vinaenda. Usiku yatolewe, yasuguliwe, yawekwe kwenye maji. Utafiti wa Japani uliochapishwa 2015, kwa wazee wa miaka 85 na kuendelea, uliona kwamba waliolala na meno bandia mdomoni walipata nimonia takribani mara mbili zaidi ya walioyatoa.

*Upatikanaji na gharama.* Kung'oa kunapatikana karibu kila penye mtaalamu wa meno, na ndiyo maana kumekuwa tiba ya kwanza wakati kulipaswa kuwa ya mwisho. Meno bandia hutengenezwa na fundi wa maabara ya meno, na bei hutofautiana kwa idadi na aina. Ulizeni bei ya yote mawili kabla jino la kwanza halijatoka. Nimeona wazee waliong'olewa kwa hela iliyokuwepo, wakakaa na mapengo mwaka mzima wakisubiri hela ya pili.

*Inamfaa.* Mwenye meno yaliyokwisha kabisa. Mgonjwa dhaifu ambaye safari za mara kwa mara hazimfai. Na asiye na mtu wa kumsaidia kusafisha kinywa kila siku.

Njia ya nne: seli shina

Hii nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayozungukwa na maneno mengi.

*Inachofanya.* Seli shina ni seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa za aina nyingine: za mfupa, za nyuzi zinazoshika jino, na kadhalika. Mwaka 2004 watafiti huko Marekani walionyesha kwamba hata kwenye nyuzi zinazouzunguka mzizi wa jino lililong'olewa zimo seli kama hizo. Wazo ni kuzichukua, kuzizidisha maabara kwa wiki kadhaa, kisha kuziweka kwenye shimo la mfupa ili zijenge kilichopotea. Ni wazo zuri kweli. Linalenga hasa kile ambacho kusafisha hakukirudishi.

*Ushahidi.* Bado mchanga. Tokyo, kwenye utafiti uliochapishwa 2018, wagonjwa 10 waliwekewa tabaka la seli zao wenyewe wakati wa upasuaji. Mifuko ilipungua na mfupa ukaongezeka, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na upasuaji wenyewe pamoja na unga wa mfupa vingeweza kuleta sehemu ya matokeo hayo. Xi'an, China, jaribio la 2016 liliweka makundi mawili: waliopata seli na wasiopata. Wote walipata nafuu, seli hazikuleta madhara, na tofauti kati ya makundi haikuwa ya kutosha kusema seli ndizo zilizofanya kazi. Utafiti unaendelea, na majibu yanaweza kubadilika. Kwa leo, hii si tiba ya kawaida ya fizi.

*Kwa mwili wa mzee.* Hapa mambo mawili hayasemwi kwenye video. La kwanza, seli zinazochukuliwa kwa mtu mwenye umri mkubwa huzaliana polepole na hugeuka mfupa kwa shida kuliko za kijana. Ndiyo sababu watafiti wengine wanajaribu seli za wachangiaji vijana, jambo linaloleta maswali yake ya usalama. La pili, majaribio mengi huwaacha nje wavutaji na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Yaani matokeo mazuri unayosikia yametoka kwa watu wasiofanana na mzee wako. Tena kila jaribio hutanguliza kusafisha. Mkulima wa viazi hapandi mbegu bora kwenye shamba lenye mnyauko. Hata seli bora haiwezi kujenga mfupa ndani ya mfuko wenye usaha.

*Upatikanaji na gharama.* Nchini kwetu seli shina zinatumika, lakini kwa ugonjwa mwingine: upandikizaji wa uloto, yaani ute wa ndani ya mfupa, ulianza Muhimbili mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeutumia kwa watoto wenye selimundu. Hizo ni seli za kutengeneza damu, kazi yake ni nyingine, na mafanikio yake si ushahidi wa fizi. Kwa fizi, njia halali ni kuingia kwenye jaribio la kitafiti nje ya nchi, ambako kwa kawaida mshiriki halipishwi tiba inayojaribiwa. Kliniki inayodai maelfu ya dola kwa "seli shina za fizi" inauza kitu ambacho bado hakijathibitishwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa fizi, na imewaonya watu mara nyingi kuhusu kliniki za namna hiyo, baada ya baadhi ya wagonjwa kupata maambukizi makali.

Na vile vidonge na unga vinavyouzwa mitaani kwa jina la seli shina, vikipitishwa hadi Mwanjelwa na kwenye semina za hotelini? Seli hai haiwezi kuishi miaka kwenye kopo kavu, na ikimezwa tumbo huimeng'enya kama nyama. Havifiki kwenye fizi. Inaniuma kuona pensheni ya mzee ikiishia huko, wakati hela hiyohiyo ingelipia kusafishwa na nauli ya mwaka mzima.

*Inamfaa.* Mwenye mashimo machache ya wima, sukari iliyotulia, asiyevuta, aliyekwisha safishwa, na aliyepokelewa kwenye jaribio lililosajiliwa, akaelezwa hatari zake kwa lugha anayoielewa na kutia sahihi kwa hiari. Ni watu wachache, lakini wapo, na kwao kushiriki ni jambo la heshima.

Kulingana na hali yenu

Kama fizi zinatoka damu na meno hayachezi, anzeni na kusafisha mwezi huu. Mkirudi kupimwa na namba zimeshuka, hamna haja ya kwenda popote pengine.

Kama meno mawili matatu yanacheza na mengine yako imara, kama ya huyu mama wa Tukuyu, safisheni kinywa chote kwanza, mpe miezi miwili au mitatu, kisha daktari aamue jino moja moja. Yatakayobaki kulegea sana yang'olewe hayo tu.

Kama amesafishwa, anajitunza, na bado kuna mifuko mirefu michache, ombeni rufaa kwa bingwa na mwulize swali moja: mfupa umeliwa kwa wima au kwa usawa? Jibu ndilo litakaloonyesha kama safari ya Dar ina maana.

Kama ana kisukari, kliniki ya sukari na ya meno ziende pamoja. Kama anavuta au anaweka ugoro, na kwenye maeneo ya tumbaku kama Chunya wapo wengi, kila njia kati ya hizi nne itampa matokeo madogo hadi apunguze, na ni vizuri aambiwe hivyo na mtu anayemheshimu.

Kama mikono haishiki vizuri, zungushieni mpini wa mswaki kitambaa au mpira uwe mnene, na mjukuu amsaidie usiku. Mswaki wa mti nao unafaa ukichongwa laini na kufikishwa hadi ndani. Maji ya chumvi yanatuliza, ila ugaga hayautoi.

Kama mtoto aliyeko nje amepata kliniki ya seli shina, asilipe kianzio bado. Aombe namba ya usajili wa jaribio, kibali cha kamati ya maadili, na maelezo ya maandishi kuhusu nani atamhudumia mzee akipata homa baada ya kurudi nyumbani. Karatasi hizo mpelekeeni daktari wa meno anayemjua mzee azisome.

Na kama shavu limevimba, ana homa, anashindwa kufungua kinywa au kumeza, hapo hakuna cha kulinganisha: hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.